Lamu na Askari Wake: Nani Amdai Mwenziwe?

Hoja: Watu wa visiwa vya Lamu waanzishe mfuko wao wenyewe wa kuwasaidia askari waliostaafu na walioumia, pamoja na familia za waliokufa kazini. Wanaojadiliana ni mstaafu wa kikosi cha wanamaji, mvuvi wa Kizingitini, mjane wa askari na ustadhi wa madrasa.

MSTAAFU: Nianze na mambo ambayo hakuna anayeyabisha. Septemba 2011 watu wenye silaha waliingia Kiwayu usiku, wakamuua mtalii Mwingereza na kumchukua mkewe. Tarehe 1 Oktoba wakaja Manda, wakambeba mwanamke Mfaransa aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, naye akafia mikononi mwao. Watalii wakatoweka, vijana wa mashua wakabaki gatini hawana wa kumbeba. Tarehe 16 mwezi huo huo jeshi letu likavuka mpaka kuingia Somalia, na tangu siku ile wako wana wa Kenya wanaorudi bila miguu, bila macho, au hawarudi kabisa. Baadhi yao ni wana wa visiwa hivi. Gati la kwanza la bandari mpya lilipofunguliwa Mei 2021, kila mtu alipiga picha na meli. Aliyelala handakini ili meli ile ifike salama hakuwemo pichani. Nasema tuna deni, na deni la kijiji halilipwi na Nairobi.

MVUVI: Mzee wangu, umewataja waliolipia usalama ukaturuka sisi. Baada ya utekaji ule tulikatazwa kuvua usiku. Wewe ulikuwa mwanamaji, huhitaji kufundishwa: kuna samaki wanaofuata taa, na taa haina kazi mchana. Marufuku ile ikakaa miaka. Watu wakauza mashine za mashua, wakauza nyavu, wengine wakauza mashua zenyewe. Ikaja 2014 na mauaji ya Mpeketoni, tukaongezewa kafyu. Hakuna aliyesimama msikitini kusema wavuvi wameilipia nchi usalama, tuwachangie. Leo waniambia nitie mkono mfukoni mara ya pili.

MSTAAFU: Aliyekukataza usiende baharini si kijana wa doria. Amri hutoka juu, na yeye huipokea kama ulivyoipokea wewe, tofauti ni kwamba yeye akiikaidi atafungwa. Usimlipize askari wa chini kosa la mkubwa.

MVUVI: Simlipizi. Lakini mbona mkubwa huyo huyo, aliyeweza kuniwekea amri, asiweze kumtunza askari wake? Mwanajeshi ana mshahara, ana pensheni, ana hospitali ya jeshi. Ipo na sheria ya mwaka 2022 ya wanajeshi wastaafu. Serikali iliyomtuma ndiyo inayodaiwa. Sisi tukianza kuziba pengo, pengo litakuwa letu milele. Tumeshaonja hayo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walioharibiwa kazi na bandari walipwe shilingi bilioni 1.76, na baada ya hukumu tukazungushwa miaka. Serikali ikiona watu wanajichangia, huwaacha wajichangie.

MJANE: Nisikilizeni na mimi, maana nyote wawili mnazungumzia fedha zangu. Mume wangu alikufa Somalia. Kabla sijatoka eda, mtaa mzima ulikuwa umeshaambizana nimepata mamilioni. Zilipokuja, wakwe wakauliza mafungu yao: mama ana lake, baba ana lake, mimi mwenye watoto ni thumni. Nikaambiwa zile si mirathi, zimeandikwa jina langu kwenye fomu. Wengine wakasema fomu haiwezi kuipiku sheria ya Mungu. Tukafika kwa Kadhi. Mvuvi asema serikali ina pensheni. Ni kweli. Lakini pensheni hulipwa kwa makaratasi, na kwa kila karatasi moja iliyokosekana nilipanda basi kwenda Mombasa, na njia ya Garsen mwaijua. Nauli ya safari hizo hakuna sheria iliyonilipia. Mimi sikuhitaji mtu wa kuniambia mume wangu ni shujaa. Nilihitaji mtu anayejua kujaza fomu na mtu wa kuniwekea watoto siku mbili.

USTADHI: Hapo dada amesema jambo lililo karibu na kazi yangu, maana maombi kama hayo huishia mlangoni kwetu. Niweke mpaka mapema. Wako wanaopendekeza mfuko huu utoke katika zaka. Zaka ina mafungu yake manane, na mtu huingia kwa hali yake, haingii kwa kazi ya mumewe. Mjane wa askari akiwa fukara, apewe hata leo, hatuhitaji mfuko mpya wala mjadala. Akiwa na pensheni inayomtosha, hana haki nayo, hata mumewe awe amekufa akiokoa kijiji kizima.

MSTAAFU: Maalim, katika mafungu manane limo la njia ya Mwenyezi Mungu. Anayeilinda nchi ya watu wanaosali hawezi kuwemo?

USTADHI: Siwezi kumtia humo. Jeshi la Kenya ni jeshi la katiba, lina Waislamu, Wakristo na wengine, na halidai kupigana kwa ajili ya dini. Kisha kumbuka nani mwingine analitumia neno hilo. Wale wapiganaji walioko msituni Boni huwaambia vijana wetu kwamba wao ndio wako katika njia ya Mungu. Tumepoteza watoto kwa sababu mtu aliachiwa kulichezea neno hilo. Nikilivisha sare ya serikali leo, kesho sitakuwa na ulimi wa kumpinga anayelivisha sare nyingine.

MSTAAFU: Basi iwe sadaka ya kawaida.

USTADHI: Sadaka sawa, nayo ina faida ambayo zaka haina. Zaka tunawapa Waislamu. Katika kaunti hii wako wajane wa askari Mpeketoni, Hindi na Witu ambao huenda kanisani. Mfuko wa watu wa Lamu ukimwacha mmoja wao nje kwa dini yake, tutakuwa tumeifanya kazi ya wale waliowatenganisha watu kwa dini mwaka 2014 kabla ya kuwaua.

MVUVI: Maalim, hebu na tuuvuke mpaka wa dini tuje kwenye mpaka wa sare. Nani ni askari hapa? Nendeni Basuba, Mangai, Milimani, mkawaone Waboni waliopewa bunduki ya serikali wawe askari wa akiba, NPR. Wanaujua msitu kuliko ramani yoyote, na doria huwafuata wao nyuma. Sheria yawaita watu wa kujitolea. Hawana mshahara wa mwezi, hawana pensheni, na akifa mmoja familia yake haina hata hiyo fomu aliyoijaza dada yetu. Wakati huo huo msitu wao, walikotoa asali, umekuwa eneo la operesheni tangu Linda Boni ilipoanza 2015. Mzee, mfuko wako unawajua hao?

MSTAAFU: Unawajua, na ningewaweka mbele. Sina ubishi.

MVUVI: Basi umeshakubali kwamba mfuko si wa jeshi. Ni wa watu waliobeba mzigo wa usalama.

MSTAAFU: Ni wa waliobeba silaha kwa amri ya nchi. Usininyooshee mkono nikakupa shoka. Kila mtu wa Lamu amebeba mzigo wa usalama, hata mwenye punda aliyezuiwa kizuizini. Tukiwasaidia wote, hatumsaidii yeyote. Nami nataka niseme jambo ambalo Ustadhi amelipita haraka. Yeye apima kwa njaa. Mimi sizungumzi njaa. Mtu aliyekaa kwenye mashua ya doria Desemba, kaskazi ikimpiga, akarudi hapa na sikio moja limekufa, hataki pishi ya mchele. Ataka akipita watu wajue alikuwa wapi. Mkimpa kwa sababu ni maskini, mmemwongezea jeraha.

MJANE: Ndugu yangu mstaafu, huo ni msaada unaoutaka wewe. Mimi wanitisha.

MSTAAFU: Heshima yakutisha, dada?

MJANE: Heshima ya kusomwa majina yanitisha. Mume wangu alipokuwa likizo, kitambulisho cha jeshi hakukisafiri nacho na begi la kijani hakulibeba. Mwajua kwa nini. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro, na siku chache baadaye kambi ya Manda Bay ikavamiwa, yenye uwanja wa ndege, walinzi na Wamarekani. Ikiwa kambi ilifikiwa, nyumba yangu ya makuti ina ukuta gani? Wako wazazi katika visiwa hivi wanaosema mwana wao yuko Mombasa afanya kazi ya bandari. Mkiwaundia orodha, mkaibandika mlangoni mwa ofisi ya chifu, mtakuwa mmewasaidia watu wengine kabisa.

MSTAAFU: Kwa hiyo tufiche? Waliotutisha watakuwa wameshinda.

MJANE: Mimi sishindani nao. Nalea watoto.

USTADHI: Kusaidia kwa siri hakujawahi kuwa aibu kwetu. Watu wachache waaminifu, daftari moja, hakuna jina linalotajwa kwenye kipaza sauti. Mchangaji hajui kimekwenda wapi, mpokeaji hajui kimetoka wapi.

MSTAAFU: Na hapo ndipo historia inaponiuma. Babu zetu walibebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza katika vita vya kwanza, wale wa Kariakoo, wakafa kwa kuhara na njaa njiani. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba Waafrika kwa maelfu mengi hawakuandikwa majina popote. Vita vya pili wakaenda askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, mpaka Burma, wakarudi, na malipo yao ya kuagwa yalipimwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alitaka wasahaulike, akafaulu kwa kutoandika. Sasa Maalim, wewe mwenye nia njema, waniambia tusiandike.

USTADHI: Nasema andika, usitangaze. Kuna tofauti.

MSTAAFU: Kwa mfu, tofauti hiyo ni ndogo sana. Kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, ilivamiwa Januari 15, 2016, na serikali haikuitangazia nchi idadi kamili ya waliokufa. Nao bila shaka wana daftari mahali.

MVUVI: Mzee, hilo la El Adde nakuunga mkono kwa mikono miwili, na ndilo litakalotufikisha kwangu. Wewe waumia kwa sababu serikali ilinyamaza juu ya watu wake waliopotea. Mimi nina ndugu. Alichukuliwa alfajiri, njia ya kwenda kuswali, na watu waliovaa kiraia. Hatujui ni nani. Tulikwenda kituoni, tukaandika taarifa, tukaenda mochari ya King Fahd, tukaenda Malindi, tukaenda Mombasa. Hakuna jeneza, hakuna kesi, hakuna barua.

MSTAAFU: Pole, mwanangu. Lakini wasema mwenyewe hamjui ni nani. Huenda ni askari, huenda ni hao hao wa msituni, ambao nao huchukua watu.

MVUVI: Ndiyo, sijui. Ningekuwa najua, ningekuwa na kesi. Lakini usinifanye kama mtu aliyeota. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ambayo ni chombo cha serikali, ilitoa ripoti ya watu wa Pwani na Kaskazini Mashariki waliouawa au kutoweka katika msako wa ugaidi. Mwaka huo huo mashirika ya haki za binadamu ya Muhuri na Haki Africa, yaliyokuwa yakizipigia kelele kesi hizi, akaunti zake za benki zilifungwa mpaka mahakama ikaingilia. Shemeji yangu ana watoto wanne. Mfuko huu una nafasi yake?

MSTAAFU: Mfuko huu ni wa askari.

MVUVI: Nimekuuliza swali hilo makusudi, ili watu walisikie jibu.

USTADHI: Niseme la kisheria kidogo. Dada yetu hapa alikaa eda miezi minne na siku kumi, ikaisha, akajulikana ni mjane. Shemeji yake mvuvi hana pa kuanzia. Wanachuoni wetu wa Kishafi wamehitilafiana: wako wasemao mke wa aliyetoweka angoje miaka minne kisha akae eda, na wako wasemao angoje mpaka yakini ipatikane. Sheria ya Kenya nayo yataka miaka 7 bila habari ndipo mtu adhaniwe amekufa. Katika muda wote huo hawezi kuolewa, hawezi kugawa mirathi, hata hati ya shamba hawezi kuibadilisha jina. Kwa upande wa dhiki, yeye yuko chini ya mjane.

MJANE: Na wako wake wa askari waliokaa kama yeye. Baada ya El Adde miili mingine haikutambulika, familia zikatolewa damu kwa vipimo na kungoja. Mke wa askari anayengoja majibu na mke wa mshukiwa anayengoja majibu, mchana kutwa wafanya kitu kimoja: kila simu ikilia, waiangalia kwanza.

MSTAAFU: Sitaki kuwa mtu wa moyo mgumu. Lakini hamuoni mnachonitaka nikifanye? Mnataka mjane wa kijana aliyeuawa kwa bomu la kutegwa njiani Kiunga akae kwenye mstari mmoja na mke wa mtu ambaye labda, nasema labda, alilitega bomu hilo. Niende nikawaambie wenzangu hivyo? Hata senti moja hawatatoa.

MVUVI: Labda. Neno hilo dogo limekula nyumba ngapi Lamu? Kijana wetu akienda kuandikishwa jeshini hukosa kwa labda: labda si Mkenya, Mbajuni huyu, labda ana jamaa ng'ambo ya Ras Kamboni, kitambulisho chake bado chahakikiwa. Akikaa nyumbani hushukiwa kwa labda hiyo hiyo. Mwataka mfuko wa kuwaenzi wana wa Lamu walio jeshini. Kwanza mlango wa jeshi ufunguliwe wawe wengi.

MSTAAFU: Katika hilo la kuandikishwa nitasimama nawe mbele ya yeyote. Nilipoingia mimi tulikuwa wachache, na uchache huo ulituumiza. Lakini usilitumie kufunga mlango wa waliokwisha kuingia.

MJANE: Na usisahau, mzee, kwamba aliyevaa sare na aliyeshukiwa mara nyingi wametoka tumbo moja. Waruhiu Itote alikuwa askari wa Keya Burma. Miaka michache baadaye alikuwa Jenerali China wa Mau Mau, na bunduki za Keya zamtafuta msituni. Manda yetu hii, Mwingereza aliwafungia watu kwa kuwashuku Mau Mau. Leo twawaita wapigania uhuru. Mimi sisemi wapiganaji wa msituni Boni watakuja kuitwa hivyo, Mungu apishe mbali, wao ndio walionifanya mjane. Nasema kwamba kushukiwa peke yake hakujawahi kuwa kipimo.

USTADHI: Nipendekeze njia ya kati. Madaftari mawili. Moja la familia za askari, pamoja na askari wa akiba wa Basuba. La pili la familia za waliotoweka. Kila mchangaji achague la kutilia. Watunzaji wawe wale wale, ili siri iwe moja.

MSTAAFU: Hilo naliweza. Nitachangia la kwanza, na sitamzuia mtu kuchangia la pili.

MVUVI: Mimi siliwezi. Daftari la kwanza litajaa, maana hata mwanasiasa atataka kuonekana nalo. La pili, nani atathubutu kulitilia? Atakayeonekana ataulizwa kwa nini anafadhili magaidi. Akaunti zilizofungwa 2015 zilifungwa kwa tuhuma hiyo. Daftari la peke yake litatuua sisi. Tukiwa ndani ya lenu, mwatukinga.

MSTAAFU: Sasa umesema kweli uliyokuwa ukiizunguka. Wataka jina la askari liwe ngao ya ndugu yako.

MVUVI: Ndiyo. Si kazi ya askari kuwa ngao ya raia?

MSTAAFU: Ya raia asiye na hatia. Nikupe sharti langu, kisha tusionane wabaya. Leteni mtu aliyeshtakiwa, akasikilizwa, mahakama ikasema hana kosa. Familia ya mtu huyo nitaiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kwenye daftari moja na la wenzangu.

MVUVI: Aliyetoweka kabla ya kufikishwa mahakamani hawezi kusafishwa na mahakama. Sharti lako halina mtu hata mmoja anayeweza kulitimiza, na wewe wajua.

USTADHI: Dada, kati ya hawa wawili, daftari hili tunaanza kulijaza kwako. Wasemaje?

MJANE: Ya nauli ya Mombasa mkinipa leo nitapokea, sitajidai. Lakini kuandikwa mtu wa kwanza, ili kesho mtu aonyeshe jina langu na kusema huyu ndiye wa haki na yule si wa haki, hapana. Hilo mstaafu alitafutie jina jingine. Nami namuuliza alilokwepa tangu mwanzo: mwaka wangu wa kwanza wa ujane, walioniletea maji, waliokaa na watoto nikiwa safarini, walikuwa nani? Hawakuwa jeshi na hawakuwa wastaafu. Alikuwa ni shemeji yake mvuvi. Mfuko wenu waniambia niupokee, kisha nimwache yeye mlangoni.